Likizo ya kupumzika Bourgogne, watu 12, usiku saba: tukae wapi, tupangeje?

Mratibu12

Habari zenu wakuu,

Tuko watu 12, wa umri wa miaka 35 hadi 68: wanandoa jozi nne na wengine wanne kila mtu kivyake. Tumeshakubaliana kwenda Bourgogne, mkoa wa mvinyo huko Ufaransa, katikati ya Juni kwa usiku saba. Lengo ni kupumzika: kuamka bila saa ya kengele, kula vizuri, kutembea kidogo kati ya mizabibu, kuonja mvinyo bila kukimbizana. Wanne kati yetu hawanywi pombe kabisa, na mmoja goti linamsumbua, ngazi hazitaki.

Tunachobishania:

1. Nyumba moja kijijini, au hoteli Beaune mjini?
2. Magari ya kukodi, au treni na baiskeli?
3. Kuna mwenzetu anasisitiza tukodi boti la mfereji badala ya nyumba.
4. Wazalishaji wa mvinyo: ni kweli lazima uweke miadi? Kwenye ramani wanaonekana mlango kwa mlango.

Rasimu ya ratiba iliyopo ina wazalishaji 14 ndani ya siku tano, pamoja na Dijon, Chablis na Lyon. Moyo unaniambia ni nyingi mno ila sina hoja za kuwashinda wenzangu. Naomba hoja.

---

MlangoWaPili

Mkuu, anza na nyumba. Ukishajua mtalala wapi, nusu ya ubishi wenu unaisha wenyewe.

Kwa kundi lenu ningechukua nyumba moja ya likizo (kule wanaiita *gîte*) katika vijiji vya kusini mwa Beaune: Pommard, Volnay, Meursault au Puligny-Montrachet. Vyote viko ndani ya kilomita kama 12 kutoka mjini, na mizabibu inaanzia nyuma ya ukuta wa nyumba. Hoteli ya mjini ni rahisi kwa mwenye goti na kwa wasiotaka kuosha vyombo, lakini watu 12 hotelini hawana sebule yao. Kila jioni mtatafuta meza ya watu 12 mgahawani, na meza hiyo katika migahawa midogo ya Beaune haipatikani bila kuiweka wiki kadhaa mapema. Vijiji vya juu, Hautes-Côtes, vina nyumba kubwa kwa bei nafuu zaidi, ila hata mkate wa asubuhi utahitaji gari.

Kwenye tangazo la nyumba msihesabu vichwa, hesabuni milango. "12 couchages" maana yake ni sehemu 12 za kulala, na mbili kati ya hizo zinaweza kuwa kochi la kukunjua sebuleni. Nyinyi mnahitaji vyumba vinane vyenye mlango, au vyumba sita ikiwa wale wanne watakubali kulala wawiliwawili kwenye vitanda tofauti. Ulizeni pia upana wa vitanda. Kitanda cha wawili cha kizamani kule ni sentimita 140, na watu wazima wawili wasiozoea watapigana viwiko usiku kucha. Ombeni cha 160. Kwa mwenye goti, andikeni wazi kwamba mnataka *chambre au rez-de-chaussée*, chumba cha chini, halafu muulize swali la pili ambalo watu husahau: bafu lake nalo liko chini?

Sasa maji moto, maana hapa ndipo makundi hukosana siku ya kwanza. Nyumba nyingi za vijijini zina tangi la umeme la lita 200 au 300 linalochemsha usiku, wakati umeme una bei ya chini. Pigeni hesabu: mtu akioga dakika tano kwa bomba linalotoa lita 10 kwa dakika anatumia lita 50. Ikiwa tangi lina nyuzi 60 na maji ya baridi yana nyuzi 15, nusu hivi ya hizo lita 50 inatoka kwenye tangi. Yaani lita 25 kwa kichwa, na 12 wakioga asubuhi tangi la 300 limekwisha. La lita 200 linamtosha mtu wa nane, wa tisa anapiga kelele. Muulizeni mwenye nyumba ukubwa wa tangi kabla ya kusaini, na nusu ya kundi ioge jioni.

Mkataba nao una neno moja la kutazama kwa makini: malipo ya awali yameitwa *arrhes* au *acompte*? Kwa sheria ya Ufaransa haya si kitu kimoja. Yakiwa *arrhes*, nyinyi mkijitoa mnayapoteza na basi. Mwenye nyumba akijitoa anawarudishia mara mbili. Yakiwa *acompte*, mmeshajifunga kwa mkataba mzima, na mkijitoa anaweza kuwadai bei yote iliyobaki. Kundi la watu 12 halikosi mtu wa kujitoa, kwa hiyo andikishaneni ninyi wenyewe mapema kwamba atakayejitoa analipa sehemu yake hadi apatikane wa kuziba nafasi. Kumbukeni aliyesaini mkataba ndiye anayedaiwa, siyo kundi.

Vitu vinavyoachwa nje ya bei mara nyingi: shuka na taulo, usafi wa mwisho (*ménage*), na kodi ya utalii (*taxe de séjour*), inayotozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Dhamana (*caution*) wenye nyumba wengi bado wanaitaka kwa hundi ya benki ya Ufaransa. Kama hamna, ulizeni mapema kama watakubali kuizuia kwenye kadi. Siku ya kuingia mtasaini orodha ya hali ya nyumba (*état des lieux*). Piteni chumba kwa chumba na simu mkononi, mpige picha kila ufa na kila glasi iliyopasuka, kisha ndipo msaini.

Na chooni: nyumba nyingi za nje ya mji zinatumia shimo la maji taka (*fosse septique*). Karatasi ya choo tu ndiyo inayoingia humo. Tishu za maji zilizoandikwa kwamba zinayeyuka hazifai, na dawa kali ya klorini huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo. Watu 12 kwa wiki moja wanatosha kabisa kuliziba.

---

ReliNaBaiskeli

Naongezea usafiri.

Kutoka Paris, TGV (treni ya mwendo kasi) huondoka kituo cha Gare de Lyon na kufika Dijon kwa takriban saa 1 na dakika 40. Hapo mnapanda treni ya mkoa, TER, dakika 20 hadi 25 mko Beaune. Bei ya TGV hupanda kadiri siku inavyosogea, ya TER haipandi. Kama mnatua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, chukueni treni ya jiji, RER B, hadi Châtelet–Les Halles, mbadilishe kwa RER A au D. Gare de Lyon ni kituo kimoja tu mbele. Wekeni angalau saa tatu kati ya ndege kutua na TGV kuondoka. Tiketi yake ni ya treni ileile, na foleni ya pasipoti haijali tiketi yako.

Kuhusu magari: leseni ya kawaida inaruhusu gari la viti visivyozidi tisa, dereva akiwemo. Zaidi ya hapo ni leseni nyingine. Kwa hiyo watu 12 ni magari mawili, la viti tisa na la viti vitano. Msijaze watu tisa kwenye la viti tisa siku ya kuwasili, maana viti vya nyuma vikisimama mizigo haina pa kukaa. Giaboksi ya mkono ndiyo kawaida kule. Mkitaka otomatiki, semeni mnapoagiza. Leseni isiyo ya Ulaya na isiyoandikwa kwa Kifaransa iambatane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha udereva. Ofisi za kukodi magari zilizo mijini nyingi hufungwa Jumamosi mchana na Jumapili yote, kwa hiyo anayefika Jumamosi jioni hakuti mtu.

Mambo matatu ya barabarani yanayowakuta wageni:

- Ndani ya vijiji, pasipokuwa na alama, anayetokea kulia ana haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kichochoro chembamba nawe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa.
- Nje ya vijiji kikomo ni kilomita 80 kwa saa kwenye barabara nyingi za njia mbili; barabara kuu ya kulipia ni 130, mvua ikinyesha 110.
- Kikomo cha pombe ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya.

Mna bahati: hao wanne wasiokunywa ni madereva wenu. Waandikisheni wote kwenye mkataba wa gari. Ila msiwafanye matarishi wa wiki nzima. Siku moja kodini basi dogo lenye dereva, nao wakae nyuma wakitazama vilima kama watu wengine.

Baiskeli: njia inayoitwa Voie des Vignes inatoka Beaune hadi Santenay, kilomita 22, ikipita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny na Chassagne-Montrachet. Ni vijia vya wakulima vilivyosakafiwa, magari machache, vilima vidogo ambavyo baiskeli ya umeme inavimeza. Kivuli karibu hakuna, kwa hiyo Juni ondokeni kabla ya saa 3 asubuhi. Mtakutana na matrekta ya miguu mirefu yanayotembea juu ya safu, mzabibu ukipita katikati ya magurudumu. Simameni pembeni yapite, hapo mko kazini kwa mtu. Wengi hukwama kwenye kurudi: wanadhani wote 12 watapakia baiskeli kwenye TER. Nafasi za baiskeli kwenye treni ni chache. Ama kodini kwa mtu atakayezichukua Santenay, ama fikeni Meursault mle, mgeuze. Kikomo cha pombe kinamhusu na mwendesha baiskeli pia.

---

Mratibu12

Asanteni sana. Hesabu ya maji moto nimeituma kundini, kimya kimetanda. Sasa naomba la wazalishaji 14, la boti, na hawa wanne wasiokunywa watafanya nini wenzao wakiwa kwenye sela (ghala la mvinyo la chini ya nyumba)?

---

Kizibo

Hoja unazotaka hizi hapa, na nyingine ni hesabu tupu.

Chupa ina sentilita 75. Mzalishaji akimmiminia kila mtu sentilita 4, wanane wenu wanaokunywa wanamaliza sentilita 32 kwa kila aina. Kuonja kwa kawaida ni aina sita, kwa hiyo kila mnywaji anapata sentilita 24. Kwa mvinyo wa asilimia 13 hizo ni kama gramu 25 za pombe safi, sawa na glasi mbili na nusu za mgahawa. Hiyo inatosha kumfikisha mtu kwenye gramu 0.5 au karibu yake, na mwili hupunguza gramu 0.10 hadi 0.15 tu kwa saa. Sasa zidisha kwa wazalishaji watatu kwa siku. Huo si mpango wa kuonja.

Halafu muda. Ziara moja ya kundi, pamoja na maelezo, sela na kununua, ni saa moja na nusu hadi mbili. Wazalishaji wengi hufunga kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na Jumapili hawapo. Mnabakiwa na miadi miwili kwa siku, mmoja saa 4 asubuhi na mwingine saa 9 alasiri. Ningeweka siku mbili tu za namna hiyo katika wiki, zisifuatane. Wazalishaji wanne, mkiwakumbuka wote kwa majina, ni bora kuliko 14.

Miadi ni lazima, ndiyo. Hizo nyumba mlango kwa mlango ni familia zinazolima hekta chache. Anayekufungulia mlango ndiye aliyekuwa kwenye trekta saa moja iliyopita. Andikeni barua pepe miezi miwili kabla, mkitaja idadi (wanywaji wanane, wasiokunywa wanne), lugha, na saa mtakayofika. Familia ndogo nyingi hazipokei zaidi ya watu wanane kwa mara moja, kwa hiyo msishangae mkikataliwa. Mnaweza kugawanyika makundi mawili, au kwenda kwa wafanyabiashara wakubwa wa mvinyo Beaune wenye sela za wageni. Mkichelewa kwa dakika 20, pigeni simu. Mkiona hamfiki, pigeni simu vilevile; kutotokea bila taarifa ndiko kulikofanya wengi waache kupokea makundi.

Juni mmechagua vizuri. Septemba, na miaka ya karibuni hata mwisho wa Agosti, ni mavuno na milango imefungwa. Jumapili ya tatu ya Novemba ni mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, na vyumba vyote vimeshachukuliwa.

Ndani ya sela kuna baridi ya nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Nje kuna nyuzi 28, mmevaa fulana, na baada ya nusu saa mtu anatetemeka hasikii tena ladha. Bebeni sweta. Msijipulizie manukato siku hiyo, kwa heshima ya wengine. Ule ukungu mweusi kwenye kuta si uchafu, ni wa kawaida palipo na mapipa na unyevu. Mwenye goti aulize idadi ya ngazi kabla, nyingi ni za mawe na hazina pa kushika.

Msishtuke mkianza na mwekundu na kumaliza na mweupe. Huko wazalishaji wengi hufanya hivyo, kwa sababu Chardonnay yao nzito (nyeupe) ikitangulia huifunika Pinot Noir laini (nyekundu). Kutema kwenye ndoo si dharau, ndivyo wanavyofanya wao wenyewe. Ila mkionjeshwa kutoka kwenye pipa, kwa ile bomba ya kioo, subirini kabla ya kumwaga: mara nyingi mabaki ya glasi hurudishwa pipani, na kumwaga kwenye ndoo mvinyo wa kipande kidogo cha shamba kunamuuma mwenyewe kuliko mnavyodhani.

Neno moja la lebo, lisiwapeleke pabaya. Ngazi ni nne: mkoa, kijiji, *premier cru*, *grand cru*. Grand cru ni 33 tu, na ni karibu asilimia 1 ya mvinyo wote wa Bourgogne. Jina kubwa halitoshi, kwa sababu shamba moja lina wenyewe wengi. Clos de Vougeot ni kama hekta 50 na wamiliki wake wanazidi 80. Chupa mbili zenye jina lilelile zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana, maana mikono ni tofauti. Kwa kundi linalopumzika, ombeni mwonjeshwe mivinyo mitatu ya kijiji kimoja, ya mwaka mmoja, kutoka vipande tofauti vya ardhi (wanaviita *climats*, viko 1,247 na vimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2015). Hapo mtaelewa Bourgogne kwa saa moja kuliko kwa grand cru tano za kukimbilia.

Na Chablis futeni. Iko zaidi ya kilomita 120 kutoka Beaune. Lyon ni mbali zaidi na ni safari yake.

---

ChumviKidogo

Kwa wasiokunywa, shida si sela. Sela wanaweza kuingia, wakasikiliza, wakanusa. Kifaransa cha kusema ni *je ne bois pas d'alcool*, na hakuna atakayewalazimisha. Shida ni sahani, na jikoni la Bourgogne linapika na mvinyo kila kona:

- *Bœuf bourguignon* na *coq au vin*: majina yanajieleza. Hata baada ya saa tatu jikoni pombe haiishi yote. Tena ndani kuna vipande vya nyama ya nguruwe.
- *Œufs en meurette*: mayai kwenye sosi ya mvinyo mwekundu, na nguruwe tena.
- *Jambon persillé*: nguruwe na majani ya parsley ndani ya jeli ya mvinyo mweupe.
- Jibini la Époisses: ganda lake husuguliwa kwa *marc*, pombe kali ya makapi ya zabibu. Hili watu hawalijui kabisa.
- Haradali yenye jina *moutarde de Bourgogne* inatengenezwa kwa mvinyo mweupe wa hukohuko, ni sharti la jina lenyewe. Someni kopo.

Vya kula bila wasiwasi: *gougères* (vitumbua vyepesi vya jibini, vya kuokwa), jibini la Comté, mkate wa viungo wa Dijon, na saladi za sokoni mnapokatakata wenyewe. Nyumba yenye jiko inawapa uhuru huu, hoteli haiwapi. Kwa vinywaji ombeni *jus de raisin*, juisi ya zabibu. Mpelekeeni mzalishaji ombi hilo kwenye barua pepe ileile ya miadi.

Siku ya wengine kuonja, wanne hao wanaweza kwenda kinu cha haradali cha Fallot pale Beaune (miadi), kisha Hôtel-Dieu: hospitali ya maskini iliyoanzishwa 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins, yenye paa la vigae vya rangi, na ndani picha ya Hukumu ya Mwisho ya Rogier van der Weyden. Wagonjwa walilala katika jumba lile hadi karne ya 20. Wapeni saa mbili, wasiharakishwe.

Soko la Beaune ni Jumamosi asubuhi, Nuits-Saint-Georges Ijumaa, Chagny Jumapili. Mkiingia nyumbani Jumamosi jioni, nunueni chakula cha Jumapili njiani, kwa kuwa maduka makubwa yakifunguliwa Jumapili ni asubuhi tu. Mikate: nusu baguette kwa mtu kwa siku, yaani sita. Mwambieni mwokaji jana yake, la sivyo mtamaliza rafu yake kabla ya wanakijiji hawajaamka, na siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, amefunga.

Migahawa hupokea chakula cha mchana kati ya saa 6 na saa 8, basi. Mkifika saa 8:15 jiko limezimwa, na hakuna kubembelezana.

---

NahodhaWaMfereji

Naitetea boti kidogo, kisha nitaivunja mwenyewe.

Uzuri: kelele hakuna, na boti za kukodi Ufaransa haziombi leseni. Mnapewa mafunzo ya muda mfupi na karatasi ya wiki hiyo, mnaondoka. Mwendo mkubwa kwenye mfereji ni kama kilomita 6 kwa saa, mtu wa baiskeli anawapita akipiga mluzi.

Tatizo: mfereji wenyewe, Canal de Bourgogne, una kilomita 242 na malango ya maji 189, ya kupandisha na kushusha boti. Kila lango mtegemee robo saa, na lazima wawili washuke na kamba. Kilomita 18 zenye malango 14 ni saa tatu za mwendo na saa tatu na nusu za malango, na malango hufungwa saa ya chakula cha mchana. Mwenye goti hataruka kutoka sitaha hadi ukingoni mara 14. Watu 12 kwenye boti moja wana vyoo viwili au vitatu vya kupampu na matangi ya maji ya kujaza kila siku au mbili. Miaka ya ukame sehemu za mfereji hufungwa kwa kukosa maji, nanyi mnahamishiwa njia nyingine.

Jambo jingine: mfereji huo haupiti kati ya mizabibu ya Côte de Beaune, vile vilima vya mvinyo vya karibu na Beaune. Unapita mashamba ya ng'ombe na ngome za Auxois, kuzuri, lakini siko mnakotaka. Chukueni boti ndogo ya matembezi kwa nusu siku, mwenzenu aridhike.

---

ReliNaBaiskeli

La mwisho kutoka kwangu, mizigo ya kurudi. Chupa moja ya mvinyo ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, sita ni karibu kilo 8 pamoja na kifungashio. Inakwenda kwenye sanduku la kupakiwa, si la mkononi. Kanuni za usalama wa ndege haziwekei kikomo pombe isiyozidi asilimia 24. *Marc* na nyingine kali, hadi asilimia 70, ni lita 5 kwa mtu. Ushuru wa mnakokwenda ni jambo jingine, usomeni kabla ya kununua kreti.

Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya aliye na miaka 16 au zaidi anaweza kudai kurudishiwa kodi ya mauzo (*détaxe*) akinunua zaidi ya euro 100 kwa muuzaji mmoja anayeshiriki mpango huo. Fomu ni ya jina la mtu mmoja na pasipoti yake, kwa hiyo msimwachie mweka hazina alipe chupa za kundi zima. Fomu inaskaniwa kwenye mashine ya PABLO uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu afisa wa forodha ana haki ya kuomba kuona chupa zenyewe. Likishaondoka kwenye mkanda, hamna cha kumwonyesha.